Mwaka Nilipopika Bila Pua

Kosa langu la kijinga nalitaja mimi mwenyewe mapema, kabla Mama Numbi hajalitaja, maana analo mdomoni hadi leo na halimchoshi. Asubuhi moja ya baridi, katika mwaka wa corona, nilisimama karibu na ukuta unaotenganisha lupango yetu, yaani kiwanja chetu, na ya kwake, hapa mtaa wa Katuba, kikombe cha chai mkononi, nikamshukuru kwa kuacha biashara ya bitoyo. Bitoyo ni samaki wa chumvi. Asiyemjua kwa jina anamjua kwa harufu, kwa kuwa harufu yake humfikia mgeni kabla ya salamu. Mama Numbi alikuwa akiuza bitoyo tangu tulipohamia hapa, na tangu tulipohamia hapa mimi nilikuwa nikilalamika. Nililalamika kwa mke wangu, kwa mkubwa wa avenue, hata kwa katekista, ambaye aliniuliza kama nataka misa ya kufukuza samaki. Mwishowe nilinunua matofali, nikaongeza mistari mitatu juu ya ukuta, kana kwamba harufu hupita kwa miguu. Mvua ya kwanza iliiangusha yote upande wa kwake, naye akajengea jiko. Basi asubuhi ile nikamwambia, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba siku hizi tunapumua kama watu wa Makomeno, mtaa wa wenye pesa, na kwamba Mungu atambariki katika kazi yoyote safi atakayoanza. Mama Numbi alikuwa na beseni kichwani. Akalishusha polepole, akaliegesha juu ya ukuta, karibu kabisa na kikombe changu, akafunua kitambaa.

"Baba Banza," akasema, "na hii yenye iko mu beseni, ni maua?"

Walikuwa wamepangwa vizuri, wamepasuliwa mgongo, weupe kwa chumvi, kila mmoja akinitazama kwa jicho lake moja kama shahidi mahakamani. Nikainama juu yao. Nikavuta pumzi hadi kifua kikauma. Hewa ikaingia, baridi na tupu, kama hewa ya ndani ya chupa iliyooshwa. Nilipoinua kichwa, Mama Numbi hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akiitazama pua yangu, jinsi mtu anavyotazama redio iliyokatika katikati ya habari. Akavuta kitambaa chake cha uso kutoka kidevuni hadi juu ya pua, akarudi nyuma kidogo, akaniambia niende nikalale. Hakuongeza neno. Kwa mwanamke yule, ambaye hawezi kuuza samaki mmoja bila kumweleza mnunuzi asili ya samaki na tabia ya mume wa mnunuzi, kunyamaza kule kuliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe.

Nayakumbuka haya kwa sababu Jumamosi iliyopita tulimaliza kilio cha mke wangu, Mama Banza. Malaria ilimpanda kichwani, ikamchukua haraka, miaka kadhaa baada ya mwaka ninaousimulia. Wageni wameondoka, viti vya kukodi vimerudishwa, sufuria kubwa za parokia zimerudishwa, na nyumba imebaki na upana ambao sikuujua. Mwanetu Banza amerudi Kolwezi kwenye kazi yake baada ya kuniomba mara nyingi nimfuate, nami nikamjibu kwamba sijawahi kwenda mahali ambapo sijui kitanda kimeelekea wapi. Nimekaa jikoni. Nimechoka na uchovu usiotibiwa na usingizi, ule wa kuitikia pole za watu kutwa. Na kati ya miaka yote niliyoishi na mwanamke yule, kichwa kinanirudisha kwenye mmoja tu. Wengine husimulia mwaka uliowafanya kuwa watu, na mara nyingi ni mwaka wa ujana, wenye mapenzi na mitihani ya serikali. Wangu ulichelewa kama mambo yangu mengine. Ulinikuta na mvi, miwani na tumbo, na ulinifundishia jikoni.

Kazi yangu ilikuwa mtunza depo, kwenye barabara ya kwenda Luano, ambako tulipokea mizigo ya ndege kwa ajili ya makampuni ya machimbo. Ndege zilipokatazwa kushuka, depo ikafungwa, tukaambiwa turudi nyumbani tungoje kuitwa. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Nikiwa kijana, wenzangu walipokwenda kucheza dansi mjini, mimi nilibaki kuangalia kama maharage yameiva. Kwa hiyo nilipokea habari ile kama mwanafunzi anayeambiwa kwamba mwalimu anaumwa. Nikavua viatu, nikavaa kandambili, nikakaa. Serikali nzima ilikuwa ikiwaomba watu wakae nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijiona raia mwema bila jasho. Kuitwa nakungoja mpaka leo.

Mama Banza yeye alikuwa mshonaji, na mwaka ule, ambao uliwafilisi wengi, ulimletea kazi. Alishona vitambaa vya kufunika pua na mdomo, ambavyo sisi tuliviita kashne. Mchana kutwa alikuwa kwenye karakana ya rafiki yake kule Makomeno, na jioni alirudi na mfuko wa vipande vya vitenge vilivyobaki. Sebule yetu ikajaa kashne: juu ya kochi, juu ya televisheni, zimening'inia kwenye kamba chini ya picha ya Bikira Maria, za maua, za samaki, nyingine zenye nusu ya uso wa rais fulani wa zamani aliyechapwa kwenye kitenge. Wateja wa Katuba walikuja kuzichukua nyumbani. Ndizo zilizotulisha, zilizolipa maji na umeme ule unaokuja ukitaka. Mimi nikachukua jiko. Hapo awali nilipika Jumapili tu, na nilijulikana kwa hilo. Shemeji zangu walinicheka, lakini walikuja kila Jumapili kuendelea kunicheka. Sasa nikawa mpishi wa kila siku, na nitasema ukweli, ilinipa sababu ya kuamka. Mwanaume anayekaa bure anaoza kuanzia miguuni. Anayepika anaweza kusema ana kazi, hata kama bosi wake ni mbabula, jiko la makaa.

Tulikuwa na desturi moja mezani. Kwa wazee wetu wa kaskazini, mwenye kupika huonja wa kwanza mbele ya anayekula, ili kuondoa mashaka; sahani isiyoonjwa ni sahani ya kesi. Wengi mjini wameiacha. Sisi tuliibakiza, kwanza kwa heshima ya mama mkwe wangu, kisha kwa mchezo. Nilifunua sufuria, nikakata tonge la bukari, ugali wetu, nikalichovya kwenye mboga, nikalimeza huku Mama Banza amekunja mikono akinitazama kama polisi wa mpakani. Nikisha kumeza, nilisema, "Iko muzuri." Naye akangoja kidogo, akanikagua machoni, akasema, "Mupishi hakufa, tukule." Kila siku. Watu hufikiri ndoa husimama juu ya mambo makubwa. Yetu ilisimama juu ya sentensi ile, na mguu mmoja wa meza uliowekewa karatasi chini.

Homa ilikuja mwezi wa baridi kali, ule wa vumbi na midomo kupasuka. Tulikohoa wote wawili, yeye siku chache, mimi zaidi, kama kawaida ya wanaume. Tulijifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi moja, tukitoka jasho na kushutumiana nani kaleta. Homa ikaondoka. Nilidhani imeondoka peke yake, kumbe ilikuwa imebeba kitu. Nilikigundua pale ukutani, mbele ya beseni la Mama Numbi. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikaanza kujipima kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akijua umepotea. Kitunguu: maji. Siki: kitu kinachochoma, bila jina. Kahawa: joto. Nikafungua dumu la mafuta ya taa. Ningeweza kuyanywa nikidhani ni maji ya kisima. Nikalamba chumvi, nikahisi changarawe zikiyeyuka, basi. Nikakaa kwenye kiti kidogo cha jikoni, nikajiambia nitamwambia Mama Banza akirudi.

Nisingenyamaza, kama si maneno niliyosikia mchana uleule. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi chini ya dirisha la jikoni, wakimngoja Mama Banza na kashne zao. Hawakujua nipo, mwanaume anayepika hasikiki. Walikuwa wakizungumza juu ya mzee mmoja wa avenue ya nyuma, ambaye watoto walikatazwa kupita mbele ya nyumba yake, na mke wake, muuza mikate, alikuwa ameanza kurudi kutoka sokoni na beseni lililojaa bado. Mmoja akasema dalili ni rahisi: "Ule mwenye hasikie harufu, njo yee iko nayo." Mwingine akajibu kwamba yeye hawezi kuweka mdomoni kitu chochote kilichotoka katika nyumba ya namna hiyo, iwe mkate, iwe maji. Nikatazama sebuleni, nikaona kamba ya kashne chini ya Bikira Maria. Mkate mtu anaweza kuuchoma upya. Kashne anaivaa moja kwa moja juu ya pua na mdomo. Neno moja tu likitoka nje ya jiko lile, mashine ya mke wangu ingenyamaza, nasi tungebaki watu wawili wanaongoja kuitwa. Nikamfikiria pia Mama Numbi, ambaye alikuwa ameshaona. Nikangoja habari itoke kwake na kuzunguka Katuba, kama zinavyozunguka habari zake zote. Ilipita siku, ikapita wiki. Haikutoka.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, na hiyo ninaona aibu kidogo kuiandika. Kazi nilikuwa nimeshapoteza. Kama ningekiri kwamba na ulimi nimepoteza, Mama Banza angechukua jiko. Angerudi Makomeno amechoka, macho mekundu kwa uzi, apike, na mimi ningekaa kwenye kochi kati ya kashne, nikiwa kashne mojawapo. Jiko ndilo lililokuwa limebaki likinipa jina. Nikaamua kulishika.

Nilipika kwa masikio. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta kina sauti yake, na kikikaribia kuungua sauti hubadilika, huwa kavu, kama mtu anayekuambia mara ya pili. Nilipika kwa macho: sombe, majani ya muhogo, ikigeuka rangi, mafuta yakipanda juu, karanga zikianza kushika mwiko. Chumvi nilipima kwa vidole, kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu mwenye wasiwasi ina mkono mzito. Nikikumbuka vibaya kama nimeshatia, nilitia tena, kwa usalama. Nadhani kuna maharage niliyoyapika yakiwa yamelala zaidi ya yalivyostahili. Povu lilikuwa jingi, nikalisifu kama dalili ya afya. Kuna lengalenga, mchicha wetu, lililoungua chini, nikapakua la juu. Kila jioni niliketi, nikafunua sufuria, nikakata tonge, nikameza kitu laini chenye joto, nikamtazama mke wangu machoni, nikasema, "Iko muzuri." Shahidi wa uongo, kila siku, chini ya kiapo. Naye alingoja kidogo. Labda alingoja zaidi kuliko zamani. Kisha, "Mupishi hakufa, tukule," na akala. Akala yote. Hakuwahi kubakiza hata kipande. Alikunywa maji mengi, ndiyo, kikombe juu ya kikombe, hata akiamka alikwenda kwenye mtungi. Nikasema ni joto, maana mwezi wa tisa ulikuwa umeingia, na mwezi wa tisa huku hata mijusi huomba maji.

Asiyepata kupotewa na ladha atafikiri ni kama kula chakula kisicho na chumvi. Hapana. Chakula kisicho na chumvi bado ni chakula, unaweza kukikasirikia. Hiki kilikuwa kazi ya taya. Nilikuwa nikikata, nikitafuna, nikimeza, kama mtu anayejaza mfuko wa mchanga. Katikati ya sahani nilichoka, nikapumzika, nikaendelea. Nilianza kuelewa kwamba njaa ni jambo moja na hamu ni jingine, na kwamba maisha yangu yote niliishi kwa hilo la pili. Nyumba nayo ikawa mbali. Mtu hajui kwamba nyumba yake ina harufu mpaka inyamaze: makaa, sabuni ya kufulia, nepi ya zamani ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, mafuta ya nywele ya mke kwenye mto. Nililala kando ya Mama Banza nikajiona kama mgeni aliyekodishiwa kitanda. Nilimgusa bega kuhakikisha. Aliuliza kama ni mbu.

Nikakonda. Yeye akanenepa. Hili lilionekana na wote, na kwa kweli ndilo lililonishikilia. Kila nilipotaka kukata tamaa, niliitazama blauzi yake, mishono ya ubavuni aliyoifungua na kuishona upya, nikajiambia: mpishi asiye na pua anamnenepesha mke kwa mboga za majani na sala tu. Watu walinitania mbele ya lango, kwamba Mama Banza ananila mimi badala ya chakula. Katekista alisema mikono yangu ina baraka. Nilianza kutembea mbele ya nyumba kama mwenye hoteli. Mama Banza alipoulizwa siri, alicheka tu akajifunga kitenge vizuri. Alikuwa na furaha mwaka ule, hilo nalikumbuka. Jioni nilisikia kicheko chake kwanza, upande wa pili wa ukuta, kwa Mama Numbi, kabla sijamwona mlangoni kwetu. Alikaa huko muda. Nilidhani anamletea habari za mjini. Nilipasha mboga moto mara mbili, wakati mwingine mara tatu, jambo ambalo halikuwahi kusaidia mboga yoyote.

Pua ilirudi na mvua. Siikumbuki tarehe, nakumbuka bati likipigwa na mvua ya kwanza nzito, na Mama Banza akiingia mbio, kitambaa chake cha kichwa kimelowa. Alikivua, akanitupia nikitundike karibu na mbabula. Nilikishika usoni kwa bahati tu, nikijifuta matone. Na pale, ndani ya kitambaa, kikasimama kitu. Kilikuwa chembamba, kibaya, kichafu, cha chumvi. Nilikitambua kabla ya kukipa jina. Nikavuta tena, nikaogopa kitakimbia. Hakikukimbia. Ilikuwa bitoyo.

Wanaume wa ukoo wetu hatulii ovyo, lakini nilisimama katikati ya jikoni nimejifunika uso kwa kitambaa cha kichwa cha mke wangu, mabega yakinitetemeka. Nikamwambia kwamba kitambaa kinanuka bitoyo. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayesema Bwana amefufuka. Mama Banza akasimama wima, mkono mmoja ukiwa bado kwenye nywele. Uso wake ukakauka kama wa mtoto aliyekutwa na sukari. Akasema haraka kwamba ni moshi, ni upepo, ni ule ukuta wangu mfupi, na kwamba kesho atakifua. Nikamsihi asikifue. Akanitazama muda mrefu, bila kuelewa, kisha akaelewa nusu, na macho yake yakajaa maji. Nilidhani ananihurumia. Nikakitundika kile kitambaa juu ya kamba ya kashne, chini ya Bikira Maria, na kilikaa pale siku nyingi, kikinuka.

Haikuwa mwisho wa taabu. Harufu zilirudi zimechanganyikiwa, kama watu wanaorudi kutoka safari wakiingia nyumba zisizo zao. Kahawa ilinuka mpira unaoungua. Kitunguu kilinuka kitu ambacho sitakiandika hapa. Mafuta ya nywele ya Mama Banza yakanuka makaa yaliyozimwa na maji, na hilo lilinichosha kuliko yote, maana nilikuwa nimelingoja. Nilikula bukari tupu siku kadhaa. Lakini bitoyo, sijui kwa nini, yenyewe ilirudi sahihi, na kila asubuhi nilikwenda ukutani kuivuta kama dawa. Mama Numbi alinitazama akifungua beseni lake, akaniuliza kama sasa atanitoza kwa pumzi. Mengine yakafuata moja moja, polepole, hadi ikafika siku nilipotia chumvi kwenye sombe, nikaonja kwa ncha ya mwiko, na nikaacha kutia. Mkono wenyewe uliacha. Jioni ile nilifunua sufuria, nikakata tonge, nikameza, nikasema maneno yangu ya kila siku, na yalikuwa ya kweli. Mama Banza akala tonge la kwanza. Akaliacha la pili mkononi.

"Sasa ulirudia," akasema.

Nikamuuliza nimerudi kutoka wapi, mimi ambaye sivuki hata avenue. Alikula polepole, kwa namna ambayo hakuwa amekula muda mrefu, na hakunywa maji. Ndipo nilipojua kwamba alijua, kwamba kwa miezi yote ile mashahidi wa uongo mezani pale walikuwa wawili. Hatukulizungumza tena. Tulikuwa watu wa kunyamaza mambo yaliyokwisha; tuligombana juu ya yaliyobaki tu. Mimi nilibaki na fahari yangu moja: sawa, alijua sina pua, lakini sahani zilirudi tupu, na mwili wake ulinishuhudia. Hicho nilikitunza. Alipolala mwaka huu pale hospitali, amekonda ndani ya siku chache hata pete ikamtoka, nilijishika kwa hicho: kulikuwa na mwaka mmoja ambapo nilimlisha, nikiwa sina kitu, akashiba.

Juzi, baada ya wageni kuondoka, Mama Numbi alipita kwa lango bila kubisha, kama anavyofanya, amebeba sahani mbili zilizofunikwa. Alisema harufu ya jikoni baridi inamfikia ng'ambo ya ukuta, na inanuka kuliko samaki wake. Akakaa kwenye kiti cha Mama Banza. Sikupenda, lakini kiti kingine kilikuwa kimebeba nguo. Akafunua: bukari, bado na mvuke, na bitoyo wa nyanya na pilipili. Mimi sikuwahi kumruhusu samaki yule aingie nyumbani kwangu, hata Mama Banza, ambaye alilelewa naye kwao na kumpenda, alikuwa amemsahau kwa ajili yangu tangu tulipooana. Au hivyo nilivyoamini. Mama Numbi akanawa, akakata tonge, akachovya, akameza mbele yangu, akanikazia macho akingoja. Sikujua kwamba naye anaijua desturi yetu. Nikasema, "Mupishi hakufa," na sikuweza kumaliza.

Tukala. Alikuwa mtamu, samaki yule, na nilikasirika kwamba ni mtamu. Na kwa sababu mtu aliyechoka husema anayoyatunza, nikamwambia Mama Numbi juu ya mwaka ule, pua, chumvi, sahani tupu. Nikamwambia kwamba katika mambo yote ninayojutia, hilo silijutii, kwamba angalau kwa mwaka ule nilimnenepesha mke wangu kwa mikono yangu. Alinisikiliza akichambua miba, akiipanga ukingoni mwa sahani. Kisha akafuta vidole, akaniambia:

"Baba Banza, tuseme kweli. Chakula yako ya ule mwaka, hata imbwa ingekataa. Mama Banza alikuwa anakula kwangu kwanza, bukari na bitoyo, anashiba, kisha anakuja kumaliza na yako yote, kusudi usijue. Njo maana alinenepa."